Msichana wa Ile Stika ni Mimi

Jumamosi. Baridi ya kukata masikio, na upepo umevuma tangu asubuhi mpaka vumbi limeingia kwenye sufuria. Mimi leo sina upole hata wa kuazima. Aliyekuja hapa kutafuta maneno ya kutia moyo apite tu, hayapo.

Mnaijua ile stika ya msichana analia, mdomo wazi mpaka koo linaonekana, kanga imemteleza begani, chini imeandikwa "Bando limekata"? Mnaijua. Timu yenu ikifungwa mnaituma. Umeme ukikatika mnaituma. Mchumba akichelewa kujibu mnaituma, mnachekana, mnaendelea na maisha yenu.

Yule msichana ni mimi.

Na sikuwa nalilia bando. Nilikuwa kwenye kaburi la baba yangu, mwaka jana wakati wa mavuno, wameanza kurudishia udongo.

Aliyepiga ile picha ni Fides. Tulikaa dawati moja miaka yote ya sekondari. Alikuja msibani, akaosha vyombo na sisi, akamkumbatia mama yangu. Kumbe katikati ya hayo yote alipata nafasi ya kutoa simu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwangu nilimpakulia na ugali kwa mkono wangu mwenyewe.

Picha ikawa stika hata matanga hayajaisha. Niliiona kwenye grupu la wasap la darasa letu, na waliokuwa wanacheka ni walewale waliokuja kunipa pole. Nikafanya nini? Nikaandika, "Hahaha, nyie mtaniua." Niliogopa nikinuna ndiyo watanikomesha kabisa. Baadaye nilimfuata Fides pembeni nikamwomba aifute. Akanijibu, "Utani tu jamani, mbona makasiriko? Kwanza nani anajua ni wewe?"

Mimi najua. Hilo halikumwingia akilini.

Tangu hapo sijalia. Bibi alipozikwa Laela nilikaa nyuma ya nyumba nang'ata pindo la kitenge, maana kila aliyeshika simu nilimwona ananilenga mimi. Wanawake wakasema mtoto huyu ana roho ngumu, hata bibi yake hamtoi chozi. Mama aliyasikia, akaumia, hakuniuliza kitu. Kwaya nimeacha. Mtu huwezi kuimba bila kufungua mdomo mbele za watu, na mimi mdomo wangu umeshatosha kuonekana.

Kesho ni misa ya mwaka mmoja wa baba. Wiki nzima nimekuwa nafanya mazoezi ya kutolia. Nafikiria jambo la baba linaloniumiza, halafu nakaza taya. Nimeanza kulimudu, na hilo ndilo linalonitia hasira kuliko yote. Mtoto wa watu anafanya mazoezi ya kutomlilia baba yake kwa sababu ya simu ya Fides.

Sasa ya leo.

Tulikuwa uani mimi na mama tunapepeta ulezi. Simu yake ikalia. Ni ile simu ya tachi aliyonunuliwa na mjomba Kastori, mdogo wake, dereva wa lori. Mjomba ameandika kwenye grupu la ukoo kwamba amekwama foleni ya forodha Kasesya na huenda misa ikampita. Chini ya maneno hayo akaweka stika.

Mama akacheka. Mama yangu, ambaye tangu baba aondoke anacheka kwa adabu ya wageni tu, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema mwone huyu mtoto anavyolia, jamani, Kastori naye. Akanigeuzia kioo nicheke na mimi.

Sikucheka. Labda ndiyo maana akairudisha simu karibu na macho. Akaangalia uso. Akaangalia chini ya uso, pale kanga ilipoungua kona. Kona ile aliiunguza baba, Krismasi moja alipojitia kujua kupiga pasi ya mkaa, na mama alikataa kuitupa.

"Hii kanga si yangu?"

Nilimweleza yote, mpaka ile "hahaha" niliyoandika. Sikulia hata hapo. Mama hakunigombeza. Alijifuta pumba mikononi, akavaa sweta, akaniuliza huyo Fides anakaa Chanji upande gani.

Fides mwenyewe ndiye aliyetufungulia. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama."

Mama hakuitikia.

Sijawahi kumwona mama yangu akiiacha shikamoo ya mtoto wa mtu ikaning'inia hewani. Fides akairudia, sauti imeshuka. Mama akasema polepole, "Kesho saa nne ni misa ya mume wangu. Njoo. Njoo na simu yako, ukae mbele. Ile ya kwanza nimeiona, nimeicheka. Umenichekesha kilio cha mwanangu."

Fides akaanza kulia. Akasema hakujua ingefika mbali. Mdomo ukamfunguka hivyohivyo kama wangu, koo likaonekana.

Nitasema ukweli, maana hapa ndipo pa kuusemea. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Nilitoa simu, nikafungua kamera, nikamweka katikati ya kioo. Maneno ya kuandika chini yake nilikuwa nayo, tena makali. Fides akaona, akajifunika uso kwa mikono yote miwili kwa haraka ambayo mimi naijua. Mama akanisemesha kwa Kifipa, niirudishe. Nikairudisha.

Msinielewe vibaya. Sijamsamehe. Nilimwachia kwa sababu ya mama tu, na njia nzima ya kurudi nilikuwa najuta.

Jioni mjomba alipiga simu kutoka Kasesya. Mama alishamwambia. Akaniita jina langu, akaniita tena. Anasema ile stika ameipata kwa madereva wenzake, ameituma sijui mara ngapi, na kaburini siku ile alikuwa amenishika mkono. Ameifuta. Afute tu. Ipo kwenye simu za watu nisiowajua, mpaka Tunduma, mpaka ng'ambo kwa Wazambia, na hakuna mama atakayepita nyumba zote hizo kukataa shikamoo.

Nyie mnaoituma, nanyi sina la kuwaomba. Nilishaomba.

Mama ameipiga pasi ile kanga, akaiweka kitandani kwangu. Nitaivaa. Mazoezi ya wiki nzima nimeyatupa. Kesho saa nne nitamlilia baba yangu kwa sauti, mdomo wazi, na kanga ikiteleza iteleze. Mwenye simu apige. Akikosa cha kuandika chini, aandike kwamba anamlilia baba yake.