Bolti za Mzee Yoeli

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimu sana toka hapa kambini Nakivale. Bibi yako, dada yangu, anaendelea vizuri, na maharagi yake yametoa maua.

Unauliza kama ukaze zaidi bolti za kifuniko cha valvu, maana gari yako ya zamani inavuja mafuta pale juu ya injini. Hapana! Badilisha gasketi, ule mupira unaokaa chini ya kifuniko, halafu kaza kidogo kidogo.

Zamani nikiwa fundi gerejini Ruti, Mbarara, nilikuwa nasikia injini ikiwa bado mbali kule Kaberebere na kutaja silinda inayokohoa. Siku moja Mzee Yoeli akaniletea gari aliyokimbia nayo toka Uvira, kitu pekee kilichobaki cha nyumbani kwake; ilikuwa inavuja pale pale kama yako.

"Fundi, polepole, hicho kifuniko ni bati tu."

"Mzee, mukono huu ulikaza bolti za daraja!"

Nikakaza kwa nguvu zote. Kifuniko kikapinda, na nilipowasha injini mafuta yakamwagikia egzozi, lile bomba la moto la moshi, moshi ukajaa. Kwa aibu nikasema injini imekufa. Akaiuza kama vyuma chakavu, huku analia.

Kilichoharibika kilikuwa kifuniko tu. Sijamwambia mpaka leo. Kila Jumapili, kanisani, ananiita mbele ya watu: "Fundi wangu!" Nami naitika.

Wewe usiniite fundi, niite babu tu.

Safari