Mhunzi Alisema Kesho, Wewe Ukasema Jana

Mpendwa Godeliva,

Nakuandikia nikiwa na shaka, na wanaonisoma wanajua kwamba nikishaingiwa na shaka sinyamazi. Nimegombana magazetini na wakubwa wa wilaya, na wachungaji, na walimu wenzangu. Leo nagombana na wewe, mchumba wangu uliyerudi Burundi bila kuniaga. Nafanya hivyo mbele ya watu kwa sababu sina anwani yako.

Unaikumbuka mashine ya gemu ya Mzee Salumu? Alikuwa na duka la kutengeneza redio pale Kibondo, wewe na cherehani yako mkakaa barazani kwake, nami nikija kila mara kuulizia redio iliyokwisha kupona siku nyingi. Mashine ile iliachwa na mteja ambaye hakurudi. Kaseti ilikuwa moja tu, na maneno yote Kifaransa, lugha uliyoijua wewe peke yako. Basi Jumapili mchana, Salumu akiwasha jenereta, mimi nilishika vitufe na wewe ukatafsiri. Shujaa ametumwa ng'ambo ya mto. Kila kijiji lazima aongee na watu, anunue dawa, apigane na mazimwi. Salumu alipita nyuma yetu akicheka.

"Mwalimu, wenzako wanafyatua tofali, wewe unaua majoka!"

"Oya, Mzee, subiri kwanza," ulimjibu. "Mwenzio anaongea na mfalme."

Kisha tukafika kwa mhunzi, tukampa upanga uliovunjika. Ukasoma alichosema, ukaniambia: "Anasema upanga ulikuwa tayari jana." Jana! Basi kuna aliyeuchukua. Tukaanza kumsaka mwizi. Jumapili tatu, Godeliva. Tulimshuku mtawa, tukamshuku mwenye nyumba ya wageni, tukamfuata kipofu mmoja msituni hadi tukapotea wote. Ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Jumapili ya nne ukasema tumlaze shujaa kwanza, amechoka. Tulipomrudia mhunzi, akatupa upanga. "Mwizi ameurudisha," ukasema, nami nikaamini.

Salumu siku hizi yuko Kasulu, kama mimi. Mwaka huu alipokuwa anafagia stoo yake aliikuta mashine, akaniita. Betri ya kaseti, ile inayotunza mchezo ulipofikia, imekufa; safari zetu zote zimefutika, nikaanza upya. Safari hii Kifaransa nakijua. Nilijifunza kwa kamusi na redio baada ya wewe kuondoka, na nilijifunza kwa hasira. Nikafika kwa mhunzi. Alisema waziwazi: upanga utakuwa tayari kesho. Nikamlaza shujaa, kukakucha huko kwenye gemu, nikarudi, nikapewa. Chai yangu haikuwa imepoa.

Nilitaka kukusamehe. Kwenu Warundi ejo ni jana na ejo ni kesho, na kwetu Waha ni vivyo hivyo. Kitenzi ndicho kinachokwambia ni ipi. Ukikiweka Kiswahili juu ya lugha hiyo, jana na kesho hugongana. Mama yangu kule Murungu huzichanganya mpaka leo. Ni kosa la kawaida.

Lakini sisamehi kabla ya kupekua. Nikaikumbuka cherehani, na wewe ukijibizana na wateja.

"Mama, njoo kesho, bado vifungo."

"Kesho ipi, Godeliva? Juzi ulisema kesho."

"Hii sasa ni kesho ya kweli."

Hukuwahi hata mara moja kumwambia mteja aje jana. Fundi cherehani asiyejua neno kesho hajazaliwa. Ulijua.

Ndiyo maana naigeukia sasa ile karatasi. Siku uliyoondoka ulimwachia Salumu kipande cha karatasi yako ya vipimo, anipe. Neno moja tu: Ejo. Nilimsomea mama.

"Ejo gani?" akauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe, mama."

"Mwanangu, huyo hajamaliza kusema."

Nikaamua mwenyewe kwamba ni kesho. Nimeishi juu ya uamuzi huo miaka kumi na zaidi, na sikuoa. Leo nashuku kwamba uliandika jana, maana yake yamekwisha, ukachagua neno hilo ili mjinga ajisomee apendavyo. Mtu aliyeweza kunizungusha Jumapili tatu kwa neno lile lile anaweza kunizungusha maisha.

Halafu nashuku kinyume chake. Mtu anayetaka kuondoka hafichi upanga ili Jumapili ziongezeke. Labda ulidanganya ili tukae. Hata hilo silipi imani yangu haraka, kwa kuwa linanipendeza, na hoja inayonipendeza naipekua mara mbili.

Mwaka huu watu wenu wameanza kuvuka tena. Magari yanapita hapa mjini yakielekea kambini, nami natazama nyuso za kina mama mpaka wananiona sina adabu. Sijaenda kuuliza jina lako. Kama ulisema jana, nikija nitakuwa mwanamume anayemwandama mkimbizi asiyemtaka. Kama ulisema kesho, kila siku nisiyokuja ni usaliti, na msaliti ni mimi.

"Nenda, Mwalimu," Salumu ananiambia. "Kama ni hapana, upewe hapana ya uso kwa uso."

Siendi. Huenda ni woga. Nimewaita watu waoga kwa machache kuliko haya.

Kwa hiyo nakuomba, mimi ambaye huwa siombi. Kama uko kambini, au ng'ambo, na gazeti hili limekufikia likiwa limefungiwa sabuni au sukari, niandikie sentensi nzima. Mpe yeyote anayekuja Kasulu, aulize fundi redio Salumu. Kitenzi kimoja kinatosha. Kikiwa cha wakati uliopita nitakisoma, nitakikunja, na sitabisha. Itakuwa mara yangu ya kwanza.

Baki salama huko uliko,

Mchumba wako.