Redio Imekuja Kuulizia Miyombo Jazz

Jumanne, 8 Agosti 1972
Palizi shamba la shule asubuhi. Mgongo unauma. Madaftari ya darasa la tatu bado. Mwalimu mkuu kaleta habari: watu wa redio wanakuja kutoka Dar kutengeneza kipindi kuhusu Miyombo Jazz na huku ilikotokea. Hosea, kiongozi wa bendi, anakuja nao. Miaka saba sijamwona. Nimekosea kusahihisha hesabu, ikabidi nirudie.

Alhamisi, 10 Agosti
Kilosa nzima inaongea. Hakuna anayenitaja. Wote wanajua "Nishukie Kidete" ni wimbo wa Hosea. Si kweli. Niliutunga mimi, ndani ya ghala la pamba, nina miaka kumi na tisa. Hosea alikuwa ametoka kwaya ya Mamboya, akanitafutia sauti kwa gitaa. Walipohamia Dar waliniacha. Eti mwanamke ataleta maneno. Baba alifurahi. Mimi nilikonda.
Sitakwenda kuwaona.

Jumamosi, 12 Agosti
Wameanzia Mikumi. Dada Rehema, anayeuza chai pale barabarani, kaja na basi kunieleza. Hosea kasema bendi ilizaliwa Mikumi, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Mwongo! Kule tulialikwa tu, tayari tuna jina. Ghala hakulitaja. Kesho wanapita hapa kurekodi stesheni ya reli tu.
Nimepiga pasi gauni la bluu.

Jumapili, 13 Agosti
Stesheni ilijaa. Mtangazaji, dada mmoja mwembamba, akamwomba Hosea aimbe "Nishukie Kidete" kama ulivyokuwa mwanzo. Akaimba ubeti wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukamtoka kichwani. Nilikuwa nyuma ya wauza ndizi. Nikauimba mimi. Sikupanga. Watu wakageuka, wakanipisha. Nikaendelea na wa nne, ule wa ghalani, ambao Dar hawajawahi kuusikia. Hosea alisimama kama mti. Kisha akanifuata kwa gitaa.
"Dada, wewe ni nani?" mtangazaji akauliza.
"Mwalimu Zuhura. Wimbo ni wangu."
Hosea akatazama chini. "Ni kweli. Ameutunga yeye. Na bendi ilianzia hapa Kilosa, kwenye lile ghala."
Vigelegele! Tukaenda ghalani, umati nyuma yetu. Mlangoni akaninong'oneza, "Nisamehe, Zuhura."
"Sema tena," nikamwambia, "mashine ya kurekodia ikiwa inazunguka."
Akasema.

Jumatano, 23 Agosti
Kipindi ni Jumamosi. Mwalimu mkuu anadhani wataikata sehemu yangu. Naogopa. Baba hajanisemesha tangu siku ile ya stesheni, zaidi ya kuitikia shikamoo.

Ijumaa, 25 Agosti
Wakinikata, nitaimba sokoni.

Jumamosi, 26 Agosti
Hawakukata. Jina langu kamili. Beti zote nne. Msamaha wa Hosea, wazi kabisa. Majirani walijaa uani, Dada Rehema alicheza hadi kanga ikamdondoka.
Sasa wameondoka. Baba alikuwa ameanika betri za redio juani tangu asubuhi, bila kuniambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akazima redio, akaifunika kitambaa.
"Mama yako naye aliimba," amesema.
Mama alifariki sijaanza kutembea. Hili sikulijua. Nimevuta kigoda karibu yake. Ananisimulia.