Boga Lililochekwa Mnadani

Marahaba, mjukuu wangu Upendo. Huku Liuli tu wazima. Babu yako katoka ziwani sasa hivi.

Unasema mbegu za dukani huko Dodoma ni ghali. Mwaka nilioolewa nami sikuwa na mbegu. Siku ya mavuno kanisani, sadaka zilipopigwa mnada, watu waligombania maboga mazuri. Mimi nikanunua lililopasuka, limeanza kuoza.

"Mkwe, hilo ni la nguruwe," mama mkwe alininong'oneza, huku watu wakicheka.

Nikatoa mbegu, nikazipaka majivu, nikazikausha. Mwaka uliofuata boga langu lilibebwa na watu wawili, na mama mkwe akapaza sauti mnadani: "La mkwe wangu hilo! Pandisheni bei!"

Nenda sokoni, omba yaliyopasuka. Wakikucheka, wewe panda.

Bibi yako