Matendo ya Mwanga ya Siku ya Alhamisi

Buzuruga, Mwanza

Dada Generosa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo umejibu "Milele amina" huku umebana midomo, maana bado umenuna. Na mimi nimenuna, kwa hiyo tuko sawa. Goti lako linaendeleaje? Nauliza kwa sababu barua haianzi bila kuulizana hali, usidhani nimekusamehe. Mimi mzima, nakula, nguvu zipo.

Naandika kwa sababu barua huwezi kuikata katikati. Simu uliikata mara mbili kabla sijafika kwenye maana. Hii utaisoma yote. Kama miwani imepotea tena, Editha akusomee, naye asikie, maana jambo lenyewe ni la mtoto wake.

Mtoto mmempa jina la marehemu baba yetu, Kanuti. Sasa Kanuti atasimamiwa ubatizo na nani kama si mimi, mjomba wa mama yake? Wewe mwenyewe ulikubali. Halafu ukanigeuka, ukasema paroko wenu anataka barua ya jumuiya yangu ya huku, yenye muhuri wa parokia, kuonyesha kwamba mimi ni Mkatoliki anayesali. Na ukaongeza kwamba barua isipofika kabla ya Jumapili ya ubatizo, mtoto atashikwa na yule mwalimu wa kwaya, kaka wa mume wa Editha. Yule mwembamba. Dada, yule mtu hata kitabu cha nyimbo kinamtetemesha mikono. Leo umpe mjukuu wako?

Unamjua unayemlinganisha naye? Daraja la Busisi, ukifika nguzo za katikati, teremsha macho. Nondo zilizomo ndani nimezifunga mimi. Siku moja nondo iliwashinda wanaume sita, nikawaambia kaeni pembeni, nikaibeba begani kama jembe, mhandisi akavua kofia. Siku nyingine kiboko alitoka majini akaja hadi tulipokuwa, wenzangu wakakimbilia juu ya mtambo. Mimi nilimtazama tu. Akarudi alikotoka. Waulize watu wa Busisi, kama wapo wanaosema kweli.

Nilikujibu kwamba barua ni jambo dogo, nitajiandikia, kwa kuwa mwenyekiti wa jumuiya ni mimi. Miaka minne nimekuwa nikikwambia hivyo. Basi leo ujue, sikuwa. Mwenyekiti ni Mama Kulwa, muuza dagaa wa hapa mtaani, mwanamke wa sauti ndogo na daftari kubwa. Usianze kucheka. Bado nakusimulia.

Nilimwendea pale pale kwenye meza yake ya dagaa. Nikamwambia, "Mama, nahitaji barua ya utambulisho, nina haraka." Akafuta mikono, akatoa daftari la mahudhurio chini ya meza, kana kwamba alikuwa ananisubiri. Jina langu limo. Mbele yake ni sifuri, sifuri, sifuri, mstari hadi mwisho wa ukurasa, na ukurasa wa pili, na wa tatu.

"Baba Fidelisi," akasema, "hapa naona mayai tu."

Akina mama waliokuja kununua dagaa wakaangua kicheko. Nikamwambia mimi husali parokiani kwenye Misa kubwa, Krismasi na Pasaka, tena nasimama nje kulinda pikipiki za waumini zisiibwe. Akaniuliza ni nani aliyenituma. Nikamwambia rozari nimeisali kabla yeye hajazaliwa. "Vizuri," akasema, "kesho Alhamisi tunasali kwa Mzee Masanja, saa kumi na moja jioni. Utatuongoza."

Nikaenda. Shati jeupe, viatu nimepiga rangi. Watu ishirini wamekaa kwenye mkeka. Nikaanza kwa sauti ile unayoijua, sauti ya baba: "Matendo ya Furaha. Tendo la kwanza, Malaika anampasha habari Maria."

Hakuna aliyeitikia. Mzee Masanja akakohoa.

"Baba," Mama Kulwa akasema polepole, "leo Alhamisi. Ni Matendo ya Mwanga."

"Mwanga gani? Rozari ina Furaha, Uchungu na Utukufu. Alhamisi ni Furaha."

"Ilikuwa, baba. Yameongezwa ya Mwanga, imepita miaka zaidi ya ishirini. Hata watoto wa komunyo ya kwanza wanayajua."

Dada, uso ulinichemka. Nikawaambia nimefundishwa na katekista mwenye fimbo, nikifunga macho alikuwa ananipiga vidoleni, nyinyi mmefundishwa na nani? Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mwacheni, baba wa watu alikuwa darajani anatazamana na kiboko." Wakacheka mpaka mwenye nyumba akashika mbavu. Rozari ikachukuliwa mkononi mwangu, akapewa mwingine.

Sasa hapa ndipo hasira yangu juu yako ilipo. Wewe na mimi tulikaa benchi moja kwa yule katekista. Fimbo zake tulizila pamoja. Walipoongeza matendo mapya wewe ulijua, mwanajumuiya hodari, kila siku kanisani. Miaka yote hii unanipigia kunieleza mbuzi wa jirani amekula nini, nani kagombana na nani kisimani. Hujawahi kuniambia kwamba rozari imeongezwa. Uliniacha nikae na rozari pungufu kama mtu asiye na kwao. Nilipokupigia kukueleza kwamba Mama Kulwa anawachukia watu wa kusini kama sisi, ukasema, "Fidelisi, umeanza," ukakata. Hiyo sijaisahau na sitaisahau.

Niliapa sitarudi. Alhamisi iliyofuata nikarudi, ili nimkomoe Mama Kulwa, aandike moja badala ya sifuri kwa mkono wake mwenyewe. Na iliyofuata tena. Kazini, kila nikikaza waya kwenye nondo nataja tendo moja, vijana wakidhani nahesabu ringi za nondo. Kila Alhamisi nilikuwa namwona Mama Kulwa kwa mbali akipitisha kalamu kwenye daftari. Roho mbaya ile.

Juzi zamu ya kusalia nyumbani ikafika kwangu. Chumba changu unakijua kwa picha, picha ile niliipiga kwa ujanja, ni kidogo kuliko unavyodhani. Watu walijaa mpaka uani. Niliazima mkeka, nikawasha mshumaa, nikaweka picha ya marehemu baba yetu karibu na msalaba. Mama Kulwa akanipa rozari bila kunitazama. Nikayataja yote matano. Sikukosea hata moja. Safari hii waliitikia mpaka bati likalia.

Nikadhani sasa ataandika barua ya heshima. Akaandika hapo hapo juu ya goti, kisha akaisoma mbele ya wote: "Fidelisi ni mwanajumuiya wetu. Kwa miaka minne hakuhudhuria sala. Sasa amehudhuria Alhamisi saba mfululizo na jumuiya imesali nyumbani kwake. Tunamwombea."

Nikamwambia, "Mama, hiyo miaka minne ifute. Inanidhalilisha kwetu."

"Siwezi kusaini uongo nikiwa na rozari shingoni," akasema. "Ukitaka barua tamu, pale stendi wako wachonga mihuri. Nenda."

Nilikwenda, dada. Sikufichi. Nilisimama mbele ya kile kibanda, yule mtu akaniuliza nataka muhuri wa parokia gani. Nikaikumbuka ile picha ya baba jinsi ilivyokuwa inanitazama wakati naongoza. Nikamwambia nilikuwa naulizia vitasa. Paroko wa hapa akagonga muhuri wake wa kweli juu ya maneno ya Mama Kulwa, yote, na miaka minne imo.

Barua hiyo nimeikunja ndani ya hii. Mpelekee paroko wenu kama ilivyo. Akikataa, mpeni mtoto huyo mwalimu wa kwaya, ila mumwambie amshike kichwa vizuri, maana hicho ni kichwa cha Kanuti, si daftari la nota. Akikubali au akikataa, nakuja. Usinipikie, sijakuomba.

Nisalimie mama mkubwa, asiache kuchuma kahawa kwa kusingizia mgongo. Shemeji, mumeo, mwambie nyundo yangu bado anayo. Editha mpe pole ya uzazi. Mtoto mwambie babu yake wa Busisi anakuja, mwenye daraja. Huyo mwalimu wa kwaya simsalimii.

Na ukidhani nimedanganya tena, mwambie paroko aniulize yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Matendo ya Mwanga. Tendo la kwanza, Yesu anabatizwa mtoni Yordani.

Ni mimi, mdogo wako wa kiume uliye naye mmoja tu,
Fidelisi