Nataka Kuiongezea Nguvu Pikapu ya Marehemu Baba, Mama Hataki

Shangazi Celina, shikamoo. Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi fundi anang'oa injini, na ikishang'olewa sijui kama mimi na mama yangu mzazi tutaongea tena kama zamani.

Naitwa Kasmir, nina miaka arobaini na tisa, nauza vyombo vya jikoni kwa jumla Mtaa wa Likoma hapa Kariakoo, duka aliloniachia marehemu baba yangu, Mzee Tarsis, pamoja na pikapu yake, na hiyo pikapu ndiyo inayonikosesha raha. Ni kagari kadogo, silinda nne, cc 1200, Baba aliinunua mwaka themanini na moja kwa baba yake Pankaj, wale wenye duka la spea mtaa wa nyuma, na tangu siku hiyo ikawa kama mtoto wetu wa tano.

Wewe ni mtu mzima, Shangazi, utanielewa nikisema Kariakoo ya wakati ule ilikuwa nyingine. Ukisimama mlangoni kwetu ulikuwa unaona mpaka mwisho wa mtaa, siku hizi unaona ghorofa na mgongo wa mtu aliye mbele yako. Baba alikuwa anapanga masufuria na mabeseni nyuma ya pikapu, anafunga kamba ya katani, anapiga bodi mara mbili kwa kiganja kama mtu anayemuaga ng'ombe, kisha huyo anasambaza mzigo mpaka jioni. Na jioni nyumbani Magomeni, Mama akisikia mlio kona ya pili anainuka kumimina chai, magari yalikuwa yanapita mengi pale lakini sikumbuki hata siku moja Mama kumimina chai kwa mlio wa gari la mtu mwingine.

Na sisi Wachagga unatujua, Desemba lazima twende nyumbani, mnatutania kwamba tunaenda kuhesabiwa, sawa, tunaenda kuhesabiwa. Baba alikuwa anafunga duka tarehe ishirini, alfajiri tunaondoka, yeye na Mama mbele na mdogo wetu katikati, sisi watatu nyuma juu ya mchele na sukari, tumefunikwa turubai, mpaka Kibosho. Kabla ya kufika kwetu kuna kilima cha mwisho, udongo mwekundu, kona mbili, migomba huku na huku. Pale chini darajani Baba alikuwa anasimama kwanza aipe injini maji, halafu inapanda, Shangazi, inapanda kama mbuzi. Sisi watoto tulikuwa tunashindana nani atamkumbatia Bibi wa kwanza, mara nyingi ni mimi, na Bibi tunamkuta amesimama mlangoni anatusubiri, anasema "Karibuni nyumbani," lakini haturuhusu kuingia mpaka atuoshe matope miguuni kwa maji ya moto.

Bibi alishafariki siku nyingi, Baba naye ana miaka sita kaburini, nyumba ya Kibosho inakaa imefungwa mwaka mzima, tunaifungua sisi Desemba. Sasa Desemba iliyopita kile kilima kikatushinda. Nilipakia mchele, mifuko sita ya saruji ya kumalizia kaburi la Baba, friji, wanangu wawili nyuma, mke wangu na Mama mbele, tukaianza kona ya kwanza, pikapu ikalia, ikatetemeka, ikazima. Na kama vile haitoshi, nyuma yetu akatokea Robert, mtoto wa jirani yetu wa kule, tumecheza wote utotoni, yuko na gari kubwa jipya, akateremsha kioo akaniuliza, "Kasmir, hiyo cherehani bado inashona?" Watu waliokuwa kwenye migomba wakacheka. Mama alifungua mlango, akashuka, akavua viatu, mtu wa miaka sabini na minne, akaanza kupanda kilima kwa miguu kwenye matope. Wanangu walitaka kumfuata nikawakemea wakae walipo, maana aibu ya mtu mmoja ilikuwa inatosha. Ikabidi nirudi kinyumenyume mpaka darajani, nikaacha nusu ya mzigo kwenye duka la pale, ndipo tukapanda. Tulimkuta Mama amesimama mlangoni, viatu mkononi, miguu myekundu mpaka kwenye magoti, akasema "Karibuni nyumbani," na mimi nilishindwa hata kumtazama usoni.

Nilirudi Dar nimeapa kwamba mama yangu hatatembea tena kwa ajili ya gari. Nikaenda mtaa wa Gerezani kwa fundi anaitwa Haruna, akanipa maneno mengi, kwamba tunaweza kutanua silinda, kukwangua hedi, kuweka kabureta kubwa, lakini akasema kwa nini nihangaike na cherehani wakati ana injini ya cc 2000 imetoka bandarini, tunakata chuma kidogo hapa mbele inakaa, na hii ya zamani tunawapa watu wa chuma chakavu. Nikakubali. Mama nikamwambia pikapu imeenda kupakwa rangi.

Pankaj ndiye aliyeniponza, nilimuulizia mipira ya kushikilia injini mpya, na yeye bila kujua akamwambia Mama, "Mama Kasmir, nasikia mnabadilisha moyo wa gari la mzee." Mama akaja mpaka dukani, akakaa kwenye kigoda cha Baba, akaniuliza, "Gari likipanda lenyewe, mimi nitashukia wapi?" Nikamwambia Mama, hiyo ndiyo maana yake, hutashuka tena, utafika mpaka mlangoni umekaa. Akanitazama kama anamtazama mgeni. Akasema, "Basi ukiitoa hiyo injini, mwaka huu nendeni wenyewe, mimi nabaki Magomeni." Tangu nizaliwe Mama hajawahi kukosa Krismasi ya Kibosho, hata mwaka aliovunjika mkono alikwenda. Sasa pale Magomeni tunapokaa naye, wiki ya pili salamu tu, chai naletewa na mke wangu.

Shangazi, nimekosea wapi? Mimi nataka mama yangu afike kwake kwa heshima. Nibadilishe injini au niache, na nikiiacha, hiyo pikapu itapata wapi nguvu?

Wako,
Kasmir, Kariakoo

SHANGAZI CELINA ANAJIBU:

Marahaba, Kasmir. Barua yako nimeipitisha mbele ya wenzako wanaolia na waume na wake, kwa sababu ya hiyo Jumamosi yako. Wataninunia, lakini ndoa zao zitakuwepo hata wiki ijayo.

Tuanze na uongo. Rangi? Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, mwenye duka Kariakoo, unamdanganya mama yako kama mtoto aliyevunja sahani. Hilo ni kosa la kwanza na ni lako peke yako, usimbebeshe Pankaj. Pankaj kamsalimia mama mtu, basi. Tena yeye ameiita ile injini moyo, wewe na fundi wako mmeiita chuma chakavu. Jiulize nani kati yenu ni mtoto wa Tarsis.

Pole pia nakupa, maana nia yako ni njema na aibu uliyoipata pale kilimani naielewa. Kuchekwa kwenye migomba ya kwenu kunauma kuliko kuchekwa Kariakoo nzima. Huyo Robert naye hana adabu, tumwache.

Sasa injini. Mimi si fundi, kwa hiyo nilimsomea barua yako jirani yangu, Mzee Uledi, aliyezeekea chini ya magari. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyo Haruna aliipima?" Nikarudi kwenye barua, nikatafuta, sikuona. Hujaandika popote kwamba Haruna alipima mgandamizo wa silinda hata moja, wala kurekebisha valvu, wala kutazama kama klachi inateleza au breki zinashika zenyewe. Mgonjwa kafika hospitali, daktari hajamshika hata mkono, keshampangia moyo mwingine. Mzee Uledi anasema injini ndogo ya umri ule ikichoka haitaki kutanuliwa, inataka kurudishiwa nguvu zake yenyewe: ringi, valvu, plagi mpya, taimingi ipangwe vizuri, kabureta ioshwe, kichujio cha hewa kibadilishwe. Na hiyo cc 2000 kwenye breki na giaboksi za gari dogo, alicheka, akasema, "Kupanda litapanda. Muulize litashukaje."

Halafu mzigo. Saruji mifuko sita, friji, mchele, watu watano, kwenye pikapu ya kubebea masufuria. Hata punda angekugeukia akuulize kama ni mzima. Ukitaka nguvu ya bure, Kasmir, saruji nunua Moshi mjini, na friji ipeleke kwa lori. Hiyo ni nguvu ambayo Haruna hawezi kukuuzia.

Lakini hayo ya injini ni madogo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimekukamata. Unasema pikapu ya baba yako ilikuwa inapanda kile kilima kama mbuzi, na ninyi nyuma juu ya mchele. Halafu hapohapo unasema Bibi alikuwa haruhusu mtu kuingia mpaka awaoshe matope miguuni. Niambie, mtoto aliyekaa juu ya gunia, kafunikwa turubai, matope anayatoa wapi? Na wewe uliyekuwa wa kwanza kumkumbatia Bibi, ulimpitaje baba yako aliyekuwa kwenye usukani?

Ulikimbia, mwanangu. Mlikuwa mnakimbia wote. Pikapu ya Mzee Tarsis haijawahi kupanda kile kilima na watu, ilikuwa inapanda na mchele. Baba yako aliijua injini yake, akijua cc 1200 ni cc 1200, kwa hiyo pale darajani alikuwa anazima gari, eti injini inywe maji, anawashusha. Na badala ya kuwaambia gari halina nguvu, akawaambia shindaneni nani atafika kwa Bibi wa kwanza. Miaka yote ile mlipanda kwa miguu kwenye matope mbele ya majirani walewale, na hamkuona aibu, kwa sababu baba yenu hakuwaonyesha kama kuna cha kuonea aibu. Wewe umezikumbuka mbio ukasahau sababu. Kama nakusingizia, kamuulize mama yako.

Na yeye ndiye unayemkosea zaidi. Umeandika kwamba Mama alishuka kwa sababu gari lilishindwa. Mimi nasema angeshuka hata kama lisingeshindwa. Angalia alichofanya: kavua viatu, kapanda, na mlipofika mmemkuta amesimama mahali gani? Akasema maneno gani? Maneno ya Bibi, Kasmir, neno kwa neno, na wewe ukaangalia chini. Alikuwa hatembei kwa sababu ya aibu yako. Alikuwa anawahi zamu. Na wanao, damu ya baba yako, walitaka kumfuata kwa akili yao wenyewe, ukawakemea wakae.

Ndiyo maana anakuuliza atashukia wapi. Hilo si swali la kizee. Anakuuliza utamwachia nafasi gani.

Basi fanya hivi, na usichelewe. Leo hii nenda Gerezani, ichukue pikapu, mshukuru Haruna kwa ushauri, na umwambie injini yake ya bandarini atampata mwenye nayo. Muombe Pankaj akuonyeshe fundi anayeyajua magari ya zama za baba zenu, na spea azitafute yeye, ana sababu ya kuzitafuta kwa moyo. Ifanyiwe ovahoo ya kawaida tu. Ikitoka, mlio utakuwa uleule, na jioni utajua imepona ukifika kona ya pili ukakuta chai imeshamiminwa.

Kisha kaa chini umuombe mama yako radhi. Najua kwenu mwenye kosa hubeba jani la isale, na huku mjini hulipati kirahisi, kwa hiyo nenda na ulimi wako. Sema neno "rangi" kwa kinywa chako, useme ulidanganya. Usimletee zawadi, atadhani unamhonga.

Na Desemba mkifika darajani, zima gari, ipe injini maji. Mfungulie Mama mlango kabla hajaufungua mwenyewe, umpe funguo za nyumba mkononi. Wanao wavue viatu, uwaulize nani atafika wa kwanza. Robert akipita na kioo chake, mjibu kwamba cherehani bado inashona. Halafu wewe panda nyuma yao, gia ya kwanza, taratibu, na hata injini ikiwa na nguvu ya kuwapita usiwapite. Nyumba ile imefungwa mwaka mzima na Bibi hayupo, na mkifika lazima mumkute mtu mlangoni.