Runinga ya Mama Priscah

Huruma, Eldoret
Jumatano

Mpendwa Mama,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba goti limetulia tangu baridi ya Soy ipungue. Wanjohi aliniambia mmemaliza kukausha mahindi. Mimi mwili ni mzima.

Aliniambia pia umeazima runinga ya Mama Priscah kwa kumbukumbu ya Baba Jumamosi, ili jamaa wamsikie tena kwenye ile video akitaja ng'ombe wake kwa majina na kucheka. Ndiyo maana naandika. Kwa simu ningekata kabla ya kusema.

Pale studio ninapofanya kazi, video zote hukaa kwenye seva, kompyuta kubwa yenye diski sita. Nilipoajiriwa, Shitanda, fundi wetu wa miaka mingi, alinionyesha alivyozitenga: mbili za mfumo unaoendesha mashine, nne za video. Mfumo ukiharibika, alisema, unafuta zile mbili na kuuweka upya, na video hazijui hata kama kulitokea kitu. Huniita Profesa kwa sababu ya digrii yangu. Alisema hata profesa asizichanganye.

Desemba video za harusi zilijaza zile diski nne. Shitanda akiwa likizo, nilizipanga upya zote sita kuwa kundi moja, mfumo na video pamoja. Bwana Mahamud, mwenye studio, alinisifu mbele ya wote. Shitanda aliporudi sikumwambia.

Jumatatu seva ilikataa kuwaka. Wateja walikuwa wamesimama mlangoni, naye Shitanda alikuwa na haraka. Kabla ya kufuta zile diski mbili za mfumo, aliniuliza kama kila kitu kiko alivyokiacha.

Nilisema ndiyo, Mama.

Harusi, mazishi, vyote vilifutika. Bwana Mahamud alimfukuza jioni hiyo, akimwita mzembe. Shitanda hakujitetea. Alinitazama mara moja tu, akaniuliza kama nimekula.

Video ya Baba ilikuwa humo. Flashi yake niliifuta mwenyewe, nikikuhakikishia kwamba kwenye seva iko salama zaidi.

Kesho asubuhi Shitanda atakuja kuchukua vifaa vyake. Nitakuwa nimeshamwambia Bwana Mahamud ukweli. Lakini nilitaka kukuandikia wewe kwanza.

Nimejaribu kuandika majina ya wale ng'ombe. Baba alitaja kumi na moja. Nimekumbuka manne.

Nisalimie Wanjohi na wote wa nyumbani. Na tafadhali, mwambie Mama Priscah asihangaike kuleta runinga.

Binti yako,
Ciru